Trabzonspor: Klabu ya Bao Moja

Oktoba 20, 1976, Liverpool walitua Trabzon kucheza Kombe la Klabu Bingwa Ulaya wakafungwa 1–0 kwa penalti ya Cemil Usta. Mwaka 1983 ikawa zamu ya Inter Milan kwenye Kombe la UEFA: 1–0. Mwaka 1990 Barcelona ya Johan Cruyff, Kombe la Washindi: 1–0. Mwaka 1994 Aston Villa: 1–0. Wote wanne waliondoka bila hata bao la kufutia machozi.

Shida ilikuwa marudiano. Liverpool walimaliza kazi Anfield ndani ya dakika 20 za mwanzo, 3–0, na msimu huo wakabeba kombe lenyewe. Inter walishinda 2–0. Barcelona walipiga 7–2. Ni Villa peke yao waliokwama: walishinda 2–1 kwao, jumla ikasoma 2–2, na bao la ugenini likawavusha Waturuki.

Ukiifuatilia historia ya klabu hii utakutana na bao moja kila kona. Limewapa mataji, limewanyima mataji, na mwaka 2022 liliwakosesha mamilioni ya euro. Huku kwetu wengi wameijua ligi ya Uturuki kupitia Mbwana Samatta alipokuwa Fenerbahçe msimu wa 2020–21, kisha Novatus Miroshi alipojiunga na Göztepe ya Izmir mwaka 2024. Trabzonspor inatajwa zaidi pale inapowaharibia sherehe vigogo wa Istanbul, yaani Galatasaray, Fenerbahçe na Beşiktaş, na ndiyo maana watu wengi wanaijua nusu tu.

Mji na namba 61

Trabzon uko kaskazini mashariki mwa Uturuki, pwani ya Bahari Nyeusi, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Istanbul. Milima inaanza karibu na maji, kwa hiyo ardhi tambarare ni ukanda mwembamba tu. Hata uwanja wa sasa wa klabu, wenye viti zaidi ya 40,000, umejengwa Akyazı juu ya eneo lililojazwa kifusi baharini. Uchumi wa ukanda ule ni hazelnati, chai ya upande wa Rize, na samaki wadogo jamii ya dagaa wanaoitwa hamsi. Mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha tu. Timu kubwa iliyozoea nyasi kavu ilikuwa inafika pale na kukuta matope, upepo wa bahari na watu waliobanana mita chache kutoka mstari wa pembeni.

Namba ya usajili wa magari ya mkoa huo ni 61. Saa ya uwanjani ikifika dakika ya 61, uwanja mzima unalipuka hata kama timu imefungwa matatu. Jezi namba 61 nayo ina uzito wake. Kuna wachezaji wazawa walioivaa makusudi. Msemo wa mashabiki ni «Bize her yer Trabzon», yaani kwetu sisi kila mahali ni Trabzon, na una ukweli ndani yake, kwa sababu watu wa pwani ile wamehamia Istanbul na Ujerumani kwa wingi. Trabzonspor ikicheza ugenini, mara nyingi jukwaa la wageni linajazwa na watu wanaoishi mji uleule wa wenyeji.

Mahasimu wawili kuwekwa jezi moja

Ligi ya taifa ya Uturuki ilianza 1959 ikiwa na klabu za miji mitatu tu: Istanbul, Ankara na Izmir. Daraja la pili lilipoanzishwa 1963, shirikisho chini ya Orhan Şeref Apak likaihimiza mikoa iunganishe klabu zake za ridhaa, kila mji utoe timu moja yenye nguvu. Hapo ndipo zilipotoka klabu nyingi zenye jina la mji likifuatiwa na «spor»: Bursaspor 1963, Eskişehirspor na Samsunspor 1965, Kayserispor 1966.

Trabzon walichelewa kwa sababu mji ulikuwa umegawanyika kati ya İdmanocağı, waliovaa njano na nyekundu, na İdmangücü, waliovaa kijani na nyeupe. Fikiria leo Simba na Yanga ziambiwe ziungane, zichague jina jipya na rangi mpya, kisha zigawane viti vya uongozi. Jaribio la kwanza lilikuwa Juni 1966. İdmangücü iliungana na klabu tatu ndogo, Karadenizgücü, Martıspor na Yolspor, wakavaa nyekundu na nyeupe na kujiita Trabzonspor. Kosa lilionekana mapema: klabu iliyokuwa na wachezaji na wafuasi wengi, İdmanocağı, ilikuwa nje, na haikukaa kimya. Ikaenda mahakamani.

Makubaliano yalipatikana mwaka uliofuata, na Agosti 2, 1967 klabu ikazaliwa rasmi, safari hii İdmanocağı wakiwa ndani. Rangi ndiyo iliyokuwa mtego wa mwisho. Njano, nyekundu na kijani zote zilikuwa na wenyewe, wakaishia kwenye damu ya mzee na bluu, rangi ambazo hakuna upande ungeweza kujivunia. Kufanana na jezi za Aston Villa kumezaa hadithi nyingi za vijiweni, lakini sababu ya msingi ilikuwa siasa za mtaa.

Klabu ilikaa misimu saba daraja la pili. Ilipanda mwishoni mwa 1973–74, na msimu wake wa kwanza juu ilimaliza ya tisa. Ukiangalia msimamo wa ligi peke yake huoni dalili ya chochote. Dalili ilikuwa kwenye kombe: msimu huohuo wa 1974–75 walifika fainali ya Kombe la Uturuki na kushindwa na Beşiktaş. Mwaka uliofuata wakawa mabingwa wa ligi, Fenerbahçe wakiwa wa pili. Tangu 1959 hakuna timu ya nje ya Istanbul iliyokuwa imefanya hivyo. Eskişehirspor walikuwa wamegonga mlango, wakamaliza wa pili mara tatu, lakini mlango haukufunguka.

Namna taji la bao moja linavyotengenezwa

Kati ya 1976 na 1984 Trabzonspor ilichukua ubingwa mara sita: 1976, 1977, 1979, 1980, 1981 na 1984. Misimu mitatu iliyobaki ilishika nafasi ya pili. Makocha walikuwa wawili tu kwenye mataji hayo sita, na wote ni wa nyumbani: Ahmet Suat Özyazıcı alichukua manne, Özkan Sümer mawili. Sümer baadaye akawa hata rais wa klabu.

Kikosi kilikuwa cha vijana wa mkoa. Golini Şenol Güneş, mzaliwa wa Trabzon aliyesomea ualimu, alikaa tangu 1972 mpaka alipostaafu 1987 na alikuwa kipa wa mataji yote sita. Mbele yake walikuwapo watu kama Turgay Semercioğlu, Necati Özçağlayan na Cemil Usta; mbele zaidi Ali Kemal Denizci, na Necmi Perekli aliyekuwa mfungaji bora wa ligi 1976–77 kwa mabao 18. Bao 18 kwa mfungaji bora wa ligi nzima: hilo linakupa picha ya soka la Uturuki wakati ule. Mabao yalikuwa adimu, na timu isiyoruhusu bao ilikuwa imeshafika nusu ya safari.

Hapa kuna jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita, nalo ni hesabu ya pointi. Kwenye mataji matano ya kwanza ligi ilikuwa na timu 16, mechi 30, na ushindi ulilipa pointi 2. Chukua timu mbili za mfano. Ya kwanza inashinda 13, inatoka sare 13, inafungwa 4. Ya pili inashinda 17, sare 5, inafungwa 8. Kwa mfumo ule zote zina pointi 39. Kwa mfumo wa pointi 3 ya kwanza inapata 52 na ya pili 56. Timu inayojilinda vizuri, inayoshinda nyumbani 1–0 na kurudi na 0–0 kutoka ugenini, ililipwa kikamilifu na mfumo wa zamani. Uturuki ilihamia pointi 3 msimu wa 1987–88. Trabzonspor wakati huo ilikuwa imeshaanza kuteremka, kwa hiyo sitasema mfumo mpya ndio ulioiangusha, lakini uliifungia njia ya kurudi kwa mtindo uleule.

Mbinu yenyewe haikuwa na siri kubwa. Nyumbani waliingia kwa kasi, wakatafuta bao la mapema kwa mpira wa adhabu au krosi, kisha wakarudi nyuma na kuufanya uwanja uwe mdogo. Mabeki walikuwa wamecheza pamoja tangu wakiwa vijana; hakuna aliyehitaji kuelekezwa nani anamfuata nani. Faida hiyo haisajiliwi, inakuzwa, na inapotea mara tu unapomuuza mmoja kati yao.

Na kuuza kulianza mapema. Ali Kemal Denizci alihamia Fenerbahçe wakati timu ingali juu. Istanbul walikuwa na mishahara, magazeti na biashara za matangazo. Halafu 1984 Galatasaray wakamleta Jupp Derwall, kocha aliyekuwa ameiongoza Ujerumani Magharibi, na mazoezi ya klabu za Istanbul yakabadilika: viwanja bora, utimamu wa mwili, mbinu za kisasa. Galatasaray wakawa mabingwa 1987 na 1988 na kufika nusu fainali ya Klabu Bingwa Ulaya 1989. Trabzon waliendelea na kile wanachokijua. Mabeki walizeeka, na kizazi cha nyuma yao kilikuta wapinzani wamejipanga vizuri zaidi.

Mei 5, 1996

Ukimuuliza shabiki wa Trabzonspor mwenye umri wa kutosha siku mbaya kuliko zote, atakutajia hii bila kufikiri.

Timu ya 1995–96 ilikuwa nzuri kuliko nyingine zote zilizokuja baada ya 1984. Shota Arveladze wa Georgia alimaliza mfungaji bora wa ligi kwa mabao 25. Hami Mandıralı alikuwa na shuti la mpira wa adhabu ambalo makipa waliliogopa kweli. Kulikuwa na Ogün Temizkanoğlu, Abdullah Ercan, Ünal Karaman. Kocha alikuwa kipa wa zamani, Şenol Güneş. Walikuwa wanaongoza ligi na Fenerbahçe walikuja Avni Aker, uwanja wa zamani wa Trabzonspor, zikiwa zimebaki wiki chache tu.

Abdullah Ercan akafunga. Ikawa 1–0, matokeo yaliyoujenga mji ule. Kisha Oğuz Çetin akasawazisha, na Aykut Kocaman akafunga la pili. Fenerbahçe 2, Trabzonspor 1.

Fenerbahçe walimaliza na pointi 84, Trabzonspor 82. Sasa badilisha mechi hiyo moja peke yake na uache nyingine zote zilivyo. Ikiwa sare, Trabzonspor ni 83 na Fenerbahçe 82, na ubingwa unabaki Bahari Nyeusi. Hawakuhitaji hata kushinda. Timu za Özyazıcı zingefanya nini dakika ile ya 1–0? Zingeshuka wote nyuma ya mpira na kupiga mbele bila aibu. Timu ya 1996 ilikuwa bora kwa kushambulia, na pengine ndiyo sababu ilishindwa kulala na bao moja.

Miaka iliyofuata haikuwa ya ukame kabisa. Kombe la Uturuki lilikuja 2003 na 2004, na kwenye ligi wakamaliza wa pili 2003–04 na 2004–05, Fatih Tekke akifunga mabao 31 msimu huo wa pili. Upande wa winga alikuwapo Ibrahim Yattara wa Guinea, aliyefika 2003 na kupendwa mno kwa chenga zake, ingawa makocha walimlalamikia kwa chenga hizohizo. Tekke aliuzwa Zenit 2006, Gökdeniz Karadeniz akaenda Rubin Kazan 2008. Kila timu ilipokaribia, ilivunjwa.

Kumvika mwingine taji, na kulikosa la kwako

Kuna tukio la 2010 ambalo watu wa Trabzon hulisimulia kwa furaha kuliko baadhi ya mataji yao. Mei 5 waliwafunga Fenerbahçe 3–1 kwenye fainali ya kombe mjini Şanlıurfa. Siku kumi na moja baadaye, siku ya mwisho ya ligi, walikutana tena Kadıköy, nyumbani kwa Fenerbahçe. Fenerbahçe walihitaji ushindi wawe mabingwa. Ikaisha 1–1, bao la Trabzonspor likifungwa na Burak Yılmaz. Wakati huohuo Bursaspor walikuwa wanawafunga Beşiktaş 2–1, lakini uwanjani Kadıköy ilitangazwa kwamba mechi ya Bursa imekwisha 2–2. Maelfu wakashuka kushangilia ubingwa ambao haukuwepo. Bursaspor wakawa klabu ya pili kutoka nje ya Istanbul kuchukua ligi, na hadi leo hakuna ya tatu. Başakşehir, mabingwa wa 2020, nao ni wa Istanbul.

Msimu uliofuata, 2010–11, ndio unaogawanya Uturuki mpaka sasa. Trabzonspor ya Şenol Güneş ilishinda 25, sare 7, ikafungwa 2. Fenerbahçe, wakifundishwa na Aykut Kocaman yuleyule wa 1996, walishinda 26, sare 4, wakafungwa 4. Zote pointi 82. Kanuni ya Uturuki inatazama kwanza matokeo ya timu hizo mbili zilipokutana. Trabzonspor ilishinda 3–2 kwake, Fenerbahçe 2–0 kwao. Pointi 3 kwa 3. Mabao 4 kwa 3. Bao moja. Siku ya mwisho, Mei 22, Trabzonspor walishinda 4–0 Karabük, na Fenerbahçe wakanusurika 4–3 Sivas.

Julai 3, 2011 polisi wakaanza kukamata watu kwa tuhuma za upangaji matokeo, akiwemo rais wa Fenerbahçe wa wakati huo. Kesi iligusa klabu kadhaa. Hapa ni lazima kutenganisha mambo, kwa sababu mashabiki wa pande zote huyachanganya. Shirikisho liliiondoa Fenerbahçe kwenye Ligi ya Mabingwa msimu wa 2011–12 na nafasi ikaenda kwa Trabzonspor. Mwaka 2013 UEFA iliifungia Fenerbahçe misimu miwili, na mahakama ya michezo CAS ikaunga mkono adhabu hiyo. Lakini ndani ya Uturuki taji halikuvuliwa, na mahakama za jinai zilizowatia watu hatiani 2012 zilisikiliza kesi upya na kuwaachia huru 2015. Trabzonspor walibisha hodi FIFA na CAS wakidai ubingwa, hawakufanikiwa. Kwa hiyo kitabu kinasema Fenerbahçe, na ukifika Trabzon utaambiwa vingine.

Walichovuna papo hapo ni Septemba 14, 2011: San Siro, Inter Milan, bao la Ondřej Čelůstka. 1–0, safari hii ugenini. Kundini walimaliza wa tatu kwa pointi 7.

Kisirani cha 2011 kiliisumbua klabu kwa miaka. Oktoba 2015, baada ya mechi na Gaziantepspor, waamuzi walizuiwa kutoka uwanjani kwa saa kadhaa. Februari 2016, dhidi ya Galatasaray, beki Salih Dursun alichukua kadi nyekundu mkononi mwa mwamuzi na kumwonyesha mwamuzi huyohuyo. Naye akatolewa, na Trabzonspor wakamaliza na watu saba. Picha ile ilichapishwa kwenye fulana na mji ukamfanya shujaa. Mimi naiona kama alama ya klabu iliyokuwa imeacha kutafuta makosa yake. Machi 2024 mashabiki waliingia uwanjani na kupigana na wachezaji wa Fenerbahçe waliokuwa wanashangilia ushindi wa 3–2, na timu ikaadhibiwa kucheza bila watazamaji. Adhabu ya namna hiyo inaumiza zaidi klabu ambayo faida yake kubwa ni uwanja wa nyumbani.

Pesa: pale bao moja lisipotosha

Mapato ya haki za televisheni Uturuki hugawanywa kwa mafungu: fungu la kushiriki, fungu la matokeo ya msimu, na fungu la mataji ya zamani. Hilo la mwisho ndilo la kutazama. Klabu inalipwa kila mwaka kwa idadi ya ubingwa iliyowahi kuchukua. Galatasaray wenye 25 mpaka 2025 wanaanza msimu wakiwa mbele kabla mpira haujapigwa. Utaelewa sasa kwa nini ugomvi wa taji la 2011 si wa heshima tu. Nyota za kwenye jezi, moja kwa kila mataji matano, hazingebadilika kwa Trabzonspor, lakini hundi ingebadilika.

Tatizo la pili ni sarafu. Tiketi, televisheni na wadhamini wanalipa kwa lira. Wachezaji wa kigeni wanalipwa kwa euro. Mwisho wa 2017 euro moja ilikuwa takriban lira 4.5, mwisho wa 2021 takriban 15. Mchezaji mmoja wa euro milioni 2 kwa mwaka alipanda kutoka lira milioni 9 hadi 30 bila kuongezwa hata senti. Kanuni ya 2015 iliyoruhusu wageni 14 kikosini ilifungua mlango wa usajili wa kigeni kwa wingi, na klabu ikapita humo kama wenzake wa Istanbul, bila mapato ya Istanbul. Hisa za Trabzonspor ziko soko la hisa tangu 2005, kwa hiyo madeni hayo hayakufichika. Kila robo mwaka yalichapishwa.

Bili ilifika 2020. Msimu wa 2019–20 walikuwa na Alexander Sørloth aliyefunga mabao 24 ya ligi, wakamaliza wa pili na kubeba Kombe la Uturuki, la tisa katika historia yao. Hata hivyo UEFA iliwatoa kwenye mashindano ya msimu uliofuata kwa kukiuka makubaliano ya kusawazisha mapato na matumizi. CAS ikakataa rufaa. Nafasi ya kufuzu Ligi ya Mabingwa ikaenda kwa Beşiktaş. Hebu waza: timu inafanya kazi yote uwanjani, mhasibu anaipoteza.

Ubingwa wa saba ulikuja Aprili 30, 2022, chini ya Abdullah Avcı, baada ya miaka 38. Ulihitimishwa kwa sare ya 2–2 na Antalyaspor nyumbani, mechi tatu zikiwa zimebaki, na watu wakavamia uwanja. Kikosi hakikufanana na kile cha 1976. Marek Hamšík wa Slovakia, Anthony Nwakaeme wa Nigeria, Andreas Cornelius wa Denmark, Anastasios Bakasetas wa Ugiriki. Zao la chuo cha klabu lilibaki kwa kipa nahodha Uğurcan Çakır, Abdülkadir Ömür na wachache wengine. Walikuwa na wastani mzuri wa umri wa kushinda sasa hivi, na mbaya wa kushinda mwaka unaofuata.

Agosti 2022 walicheza na Copenhagen mchujo wa mwisho wa kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Kule Denmark Trabzonspor walifungwa 2–1, nyumbani ikaisha 0–0. Bao moja tena. Ada ya kuingia tu kwenye makundi msimu huo ilikuwa euro milioni 15.64, kabla ya kuhesabu ushindi, sare au tiketi. Bajeti iliyopangwa kwa matumaini ya pesa ile ikabaki na tundu. Kufikia Machi 2023 kocha na rais wote walikuwa wameondoka, na bingwa mtetezi akamaliza wa sita.

Kinachonipa imani kiko chini ya miaka 19. Msimu wa 2024–25 vijana wa Trabzonspor waliziondoa Juventus, Atalanta na Inter kwenye Ligi ya Vijana ya UEFA. Robo fainali dhidi ya Inter ilichezwa uwanja mkubwa wa Akyazı, nao ukajaa kwa mechi ya watoto. Walifika fainali iliyochezwa Nyon, Uswisi, Aprili 2025, wakafungwa 4–1 na Barcelona. Wengi wa vijana wale ni wa mkoani, wamecheza pamoja tangu wadogo, na timu ya wakubwa tangu mwezi uliotangulia ilikuwa mikononi mwa Fatih Tekke, anayejua pale kulivyo.

Swali ni kama wataachwa wakae. Şenol Güneş alidaka Trabzon miaka 15, na leo kituo cha michezo chenye uwanja mpya kina jina lake. Uğurcan Çakır, kipa wa ubingwa wa 2022, aliuzwa Galatasaray Septemba 2025. Langoni pake akaletwa André Onana wa Kamerun, kwa mkopo kutoka Manchester United.